Chema hakijiuzi ofisini

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii imelea vizazi vya wafanyakazi wazuri, na imewaponza wengi wao. Anayeiamini hufika kazini mapema, humaliza alichopewa, hajipendekezi kwa mtu, kisha hungoja. Tathmini ya mwaka inapofika anapata alama za wastani, na nafasi ya kukaimu ukuu wa kitengo inakwenda kwa mwenzake ambaye, kwa jinsi yeye anavyoona, kazi yake kubwa ni kuongea kwenye vikao. Jioni hiyo anatoka na hitimisho moja kati ya mawili: ama ofisi imeoza, ama na yeye aanze kupiga kelele.

Huenda ofisi imeoza kweli, hilo nitalifikia. Lakini mara nyingi kilichotokea kina maelezo mengine, na sehemu kubwa ya maelezo hayo imo vichwani mwa watu: kichwani mwake yeye na kichwani mwa bosi wake. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na walichokikuta hakifanani sana na nasaha za "jiamini, jitangaze" zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kila Jumatatu asubuhi.

Tuanze na methali yenyewe. Ni ya kweli pale mnunuzi anapokiona kitu: embe liko mezani, analishika, analinusa, analipia. Kazi nyingi za ofisini hazina meza ya namna hiyo. Mhasibu wa halmashauri anayehakikisha kila hati ya malipo ina viambatisho vyake anazuia hoja ya ukaguzi ambayo ingeibuka mwaka unaofuata. Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wanakuja, wanaondoka, hoja haipo. Nani atampongeza kwa hoja ambayo haikuibuka? Mwenzake aliyeacha nyaraka zivurugike, kisha akakesha akitafuta majibu ya wakaguzi, huyo ameonekana. Watu wamemwona akipita koridoni na mafaili, na mkurugenzi amempigia simu usiku kumuuliza amefikia wapi. Mwaka ukiisha, anayekumbukwa kwa "kujituma" ni yule wa pili.

Kwa hiyo hatuzungumzii uzuri wa kazi peke yake. Tunazungumzia kazi nzuri inavyosafiri, au inavyokwama, kutoka mikononi mwa aliyeifanya hadi kwenye fikra za anayeamua.

Macho tunayodhani yanatutazama

Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, pamoja na Victoria Medvec na Kenneth Savitsky, walichapisha jaribio ambalo limekuwa maarufu. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, vazi ambalo kijana wa chuo wa wakati ule angeona haya kuonekana nalo, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Baadaye aliulizwa: wangapi wameitambua picha iliyo kifuani kwako? Wavaaji walikisia takriban nusu. Walioitambua kweli walikuwa takriban robo.

Miaka kumi kabla ya hapo, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton alikuwa amefanya jaribio la upande wa pili. Aliwaomba watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, na msikilizaji autambue wimbo kwa kusikia kugonga huko tu. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa ni 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, na ala zake na maneno yake. Aliyekaa mbele yake alisikia ko-ko-ko.

Na kuna la tatu, la zamani zaidi. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya majukumu ya nyumbani. Majibu ya mume na mke yalipojumlishwa, mara nyingi yalizidi asilimia mia. Hawakuwa wanadanganya. Kila mtu huyakumbuka kwa wepesi yale aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo yote yakifanyika. Ya mwenzake aliyaona vipandevipande.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja, unamwelewa yule mfanyakazi wetu mpole. Ana dhana mbili zinazopingana na zote mbili zinamnyima haki yake. Anadhani akiteleza kidogo kikaoni watu wote watalikumbuka kosa lake, kwa hiyo hasemi. Tena anadhani jasho lake linajulikana, kwa hiyo haripoti. Ukweli uko kinyume kote kuwili: kosa lake wengi hawakuliona, na jasho lake pia hawakuliona. Walikuwa wanahangaika na fulana zao.

Bosi naye ana bosi

Ukikaa upande wa pili wa meza, picha inabadilika. Mkuu wa idara mwenye watu kumi na wawili hana nafasi ya kumfuatilia kila mmoja. Anaitwa vikaoni, anadaiwa taarifa ya robo mwaka, simu ya mkurugenzi haisubiri. Anapofungua fomu ya tathmini hana mkanda wa mwaka mzima wa kuurudisha nyuma. Ana kumbukumbu chache, nyingi za miezi ya karibuni, na hisia ya jumla kuhusu kila mtu.

Hisia hiyo ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Steven Scullen na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2000 uliotumia tathmini za maelfu ya mameneja wa Marekani, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za alama ilitokana na mtazamo wa mtoa alama mwenyewe: ukali wake, upole wake, anachokipenda, anachokidharau. Utendaji wa anayepimwa ulichangia sehemu ndogo zaidi. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Kimberly Elsbach na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wasimamizi humwona mtu kuwa anaaminika na anawajibika kwa sababu tu ya kumkuta ofisini saa za kazi, bila hata kujua anafanya nini pale. Wakimkuta na baada ya saa za kazi, wanamwongezea sifa ya kujitoa.

Ndiyo, haipendezi kuisikia. Koti lililotundikwa kwenye kiti lina wataalamu wake katika kila ofisi ya umma niijuayo, na sasa tunajua kwa nini mbinu hiyo haifi.

Jaribio lililopima jambo hili kwa vitendo lilifanyika Shanghai, kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip, mwaka 2010 na 2011. Nicholas Bloom na wenzake waliwachukua wafanyakazi wa kituo cha simu waliojitolea. Wengine, kwa bahati nasibu, wakafanya kazi nyumbani siku nne kati ya tano kwa miezi tisa, wengine wakabaki ofisini. Waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Simu zilihesabiwa, hakuna ubishi hapo. Lakini ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, walio nyumbani walipandishwa cheo kwa kiwango cha takriban nusu ya wenzao. Walizalisha zaidi, wakapanda kidogo.

Bloom alirudi kwenye kampuni hiyohiyo, ambayo sasa inaitwa Trip.com, na kufanya jaribio lingine mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612. Safari hii walioruhusiwa kukaa nyumbani walikaa siku mbili tu kwa wiki, na siku tatu zilizobaki walikutana na wenzao wote. Katika miaka miwili iliyofuata, vyeo havikutofautiana. Majaribio haya mawili yalikuwa na watu wa aina tofauti, kwa hiyo sitayabana yaseme kuliko yalivyosema. Hata hivyo, maelezo rahisi kuliko yote ni kwamba umbali wenyewe si tatizo. Tatizo ni kutoweka kabisa machoni.

Hili linamhusu kijana wa Nairobi anayeifanyia kampuni ya Ulaya kazi kwa kompyuta akiwa chumbani kwake. Linamhusu vilevile afisa aliyepangiwa wilaya ya pembezoni huku maamuzi ya kumpandisha yakifanyika Dodoma.

Mtazamo: kipi hasa kinabadilishwa?

Neno "mtazamo" limechoshwa na wahamasishaji, kwa hiyo tulipime. Carol Dweck, naye wa Stanford, ndiye aliyelitangaza wazo kwamba anayeamini uwezo hukua kwa juhudi hufanya vizuri kuliko anayeamini uwezo ni wa kuzaliwa nao. Wazo ni zuri. Lilipopimwa kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na David Yeager na wenzake, somo fupi la mtandaoni liliinua wastani wa alama za wanafunzi waliokuwa nyuma kwa pointi 0.1 hivi, kwenye kipimo ambacho kilele chake ni 4. Ni faida ya kweli, na ni ndogo. Anayekuambia kwamba ukibadili fikra utapanda cheo anakuuzia kitu ambacho hata wenye wazo hawakuwahi kukipima.

Mabadiliko ya fikra ninayoyaona yana faida ofisini ni membamba zaidi na ni rahisi kuyafanyia kazi. Ni kuacha kujiuliza "nitaonekanaje?" na kuanza kujiuliza "anayeamua anahitaji kujua nini ambacho mimi ninakijua?" Swali la kwanza linakugeuzia macho wewe mwenyewe, na hapo ndipo aibu huzaliwa. Swali la pili linayapeleka macho kwenye kazi. Mtu mwenye haya anaweza kuishi na swali la pili.

Hata woga wa kusimama mbele ya watu una sehemu ambayo ni udanganyifu wa akili. Msemaji anayetetemeka hudhani kila mtu anauona mtetemo. Savitsky na Gilovich walilijaribu hili mwaka 2003: waliwaeleza baadhi ya washiriki, kabla ya kuhutubia, kwamba woga wao hauonekani nje kama wanavyouhisi ndani. Waliopewa maelezo hayo walihutubia vizuri zaidi, kwa kipimo chao wenyewe na kwa kipimo cha wasikilizaji. Hawakufundishwa mbinu za kuhutubia. Waliambiwa ukweli tu.

Sisi tuna kizuizi kingine, cha malezi. Mtoto anayejisifu hukemewa, na ofisi zetu zina msamiati kamili wa kumdhibiti anayejitokeza: ana kimbelembele, ana kiherehere, anajikomba. Sidhani dawa ni kuyadharau maneno haya, kwa sababu yana kazi yake. Yanatulinda na watu wanaobeba sifa za wengine. Kinachosaidia ni kujua mpaka uko wapi. Kujisifu ni kusema wewe ni mtu wa namna gani. Kuripoti ni kusema kazi imefika wapi. Soma ujumbe huu:

"Shikamoo mkuu. Malipo ya wazabuni wa robo ya pili yamekamilika jana, isipokuwa mawili ambayo risiti zake za kielektroniki (EFD) hazijafika. Nimeongea nao, natarajia kuzipata Alhamisi. Wenzetu wa masijala wametusaidia sana kupata mafaili ya zamani."

Hakuna sifa hata moja ya mwandishi hapo. Lakini mkuu aliyeupokea sasa anajua jambo limekwisha, anajua lililobaki na sababu yake, anajua tarehe, na akiulizwa na mkurugenzi kwenye lifti ana jibu. Masijala nao wametajwa, na watakumbuka. Ujumbe kama huu mara moja kwa wiki unafanya kazi kuliko hotuba ya dakika ishirini mwezi wa tathmini. Unamfikia kabla kumbukumbu yake haijajaa mambo mengine.

Umakini, na kamati ya rambirambi

Umakini una sura mbili, na watu hujadili moja tu. Sura ya kwanza ni kutulia kwenye kazi moja. Sophie Leroy, katika utafiti wa mwaka 2009, alionyesha kwamba ukihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya mawazo yako hubaki kule ulikotoka na kazi mpya inapata mabaki. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walikuta mwaka 2008 kwamba waliokatizwakatizwa waliweza kumaliza kazi, tena kwa haraka zaidi, lakini kwa gharama ya msongo na kero. Anayejibu kila mlio wa simu anaweza kufika jioni akiwa amemaliza mengi na hana hata moja la kueleza.

Sura ya pili ndiyo nzito: kuchagua ni kazi gani ipewe utulivu huo.

Orodha nyingi za majukumu ya kazi serikalini Tanzania huwa na kipengele cha mwisho kinachofanana: "kufanya kazi nyingine kama atakavyoelekezwa na msimamizi wake wa kazi." Kipengele hicho kina mlango mpana. Ndani yake mna kuandika muhtasari wa kikao, kuagiza chai, kukusanya michango ya rambirambi, kuandaa sherehe ya kumuaga anayestaafu, kumwelekeza mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kurekebisha projekta. Kazi hizi ni za lazima, na ofisi isiyozifanya haina utu. Lakini kwenye tathmini hazina safu.

Nani huzifanya? Linda Babcock, Lise Vesterlund na wenzao walilichunguza hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliweka watu watatu watatu mbele ya kompyuta, mmoja wao ajitolee kubonyeza kitufe ili wote wapate pesa zaidi, ila aliyebonyeza apate pungufu ya wenzake. Katika makundi yenye mchanganyiko, wanawake walijitolea kuliko wanaume kwa asilimia 48. Alipowekwa mtu wa nje wa kuomba mmoja ajitolee, aliwaomba wanawake mara nyingi zaidi kwa asilimia 44. Jambo la kuvutia ni hili: kundi likiwa la wanaume watupu au wanawake watupu, tofauti ilitoweka. Wanaume walibonyeza bila shida walipojua hakuna mwanamke wa kumwachia. Kumbe ni suala la nani anatarajiwa kufanya, na anayetarajiwa huishia kutarajia hivyo yeye mwenyewe.

Kwa hiyo dada wa ofisini ambaye kwa miaka amekuwa mweka hazina wa kamati ya misiba, mwandishi wa vikao na mwagizaji wa chai anaonekana sana. Jina lake linajulikana hadi ghorofa ya juu. Linajulikana kwa wema. Nafasi ya ukuu wa kitengo ikitokea, wema huo hautafsiriki kuwa uwezo wa kusimamia bajeti, na watu watashangaa kusikia ameomba. Sisemi aache, nasema zamu iwepo. "Mwaka huu nimeshika mimi, mwakani naomba ashike kaka fulani" ni sentensi ya adabu, na ikisemwa kikaoni mbele ya wote ni vigumu kuikataa.

Na muhtasari wa kikao? Hapo nina maoni tofauti na washauri wengi wanaousema vibaya. Anayeandika maazimio ndiye anayeandika nani atekeleze nini na lini. Akiugeuza kuwa ufuatiliaji, yaani kila wiki mbili anaeleza azimio lipi limetekelezwa na lipi limekwama, ameichukua kazi ya karani na kuifanya ya mratibu.

Kazi ya kupewa umakini wako mwingi ni ile ambayo bosi wako mwenyewe anaulizwa kuihusu. Kuijua si siri. Iko kwenye mpango kazi wa mwaka. Nchini Kenya iko kwenye mikataba ya utendaji ambayo taasisi za umma zilianza kuisaini mwaka 2004. Tanzania, mwaka huohuo wa 2004 ulileta OPRAS, fomu ya mtumishi na msimamizi kukubaliana malengo, na siku hizi kuna mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambapo mtumishi anaingiza majukumu yake na msimamizi anayathibitisha na kuyapima. Watumishi wengi huijaza mifumo hii kama wanavyojaza kitabu cha mahudhurio. "Kushiriki vikao." "Kuandaa taarifa." Maneno haya yangeweza kuandikwa na mtu yeyote katika jengo. Aliyeandika "kupunguza muda wa kulipa wazabuni kutoka siku 45 hadi siku 30 ifikapo Juni" amempa msimamizi wake kitu cha kupima na kitu cha kusema.

Nasisitiza "kitu cha kusema", kwa sababu maamuzi mengi kuhusu wewe hufanyika ukiwa haupo chumbani. Mtu anatajwa, mkuu mmoja anauliza, "huyu ni nani?" na mwingine ana sekunde kumi za kujibu. Akisema "kijana mzuri, hana tatizo", umekwisha. Akisema "ndiye aliyenyoosha malipo ya wazabuni", mazungumzo yanaendelea. Na asiwe mmoja tu anayeweza kusema hivyo. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha tangu 1973 kwamba habari za nafasi mpya hutujia zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko marafiki wa karibu, kwa kuwa wale wa mbali wanajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Afisa wa kitengo kingine uliyemsaidia kupata takwimu mara moja anaweza kuwa na uzito kuliko rafiki unayekula naye mchana kila siku.

Pale fikra zisipofua dafu

Nilisema nitalifikia la ofisi iliyooza. Zipo ofisi ambako vyeo hugawanywa kwa kujuana, kwa kabila, kwa undugu, au kwa madai ya kingono. Humo, kumwambia mtu abadili mtazamo wake ni kumwongezea matusi juu ya dhuluma. Panapohitajika malalamiko rasmi, chama cha wafanyakazi au barua ya kuondoka, umakini wako upelekwe huko.

Yupo pia bosi anayebeba kazi yako na kuiwasilisha kama yake. Kwa huyu dawa ya kwanza ni kuwahi: andaa rasimu ikiwa na jina la aliyeiandaa na tarehe, itume kwa barua pepe ambayo wanaohusika wote wanaipata, omba uambatane naye kwenye wasilisho "ili nijibu maswali ya takwimu". Si kila bosi wa aina hii ni mwizi. Wengine hawajawahi kufikiria kwamba taarifa ina mwandishi.

Tatizo jingine ni la anayefanikiwa. Akishaonekana, anatupiwa kila kitu, na kasi yake inawafaa wote isipokuwa yeye. Hapo jibu la heshima ni kurudisha uchaguzi kwa mwenye mamlaka: "Mkuu, nina hili na hili mkononi, lipi nilisogeze ili niingize hili jipya?" Akichagua, ameona mzigo wako. Asipochagua, unajua unafanya kazi na nani.

Na kisha kuna uhamisho. Katika utumishi wa umma mkuu wa idara anaweza kuondoka katikati ya mwaka wa fedha, na yote aliyoyajua kuhusu wewe yanaondoka naye. Anayekuja hana hata hisia ya jumla; ana hati ya makabidhiano, kurasa chache zinazotaja kazi zinazoendelea na nani anazishika. Kwa kawaida anayeondoka hana muda wa kuiandika mwenyewe, anamwomba mtu wa chini amwandalie rasimu. Ukisikia inaombwa, jitolee kuiandaa wewe.